Masera Yupi?

Kila ninapopita mbele ya dobi nikasikia harufu ya kanji ikiungua kidogo chini ya pasi, hupunguza mwendo. Si harufu mbaya. Ni harufu ya muhogo uliochemshwa ukawa uji mwepesi, ikachanganyika na joto la makaa na kitambaa cha pamba, na watu wengine wakiisikia hukumbuka harusi au Idi. Mimi hukumbuka sketi moja ya buluu yenye marinda, iliyotundikwa kwenye msumari nyumbani kwa bibi yangu pale Andoany, mji mkubwa wa kisiwa cha Nosy Be, ikisubiri ijulikane kama itavaliwa au la. Ilikaa pale msimu mzima wa joto. Dada yangu Mariamu aliipiga pasi tena na tena ingawa hakuna aliyekuwa ameivaa, na bibi yetu, tuliyemwita Koko kama Wangazija wote wanavyowaita bibi zao, aliipita bila kuitazama, mfano wa mtu anayempita jirani aliyegombana naye.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera mpya ilipepea mbele ya ofisi za serikali na wakubwa wapya walikuwa wamekalia viti vya wakubwa wa zamani, lakini mizani ya kupimia watoto ilibaki ileile ya Wafaransa, na jiwe lake lilikuwa shule za masera. Masera ndivyo watu wa kwetu walivyowaita masista wa Kikatoliki, na padri walimwita mompera. Maneno yote mawili yalitoka katika Kifaransa, lakini sisi tulizaliwa tukayakuta mitaani, hatukujua kama yana wazazi. Sisi wenyewe tulikuwa Waislamu, Wangazija waliozaliwa Bukini, yaani Madagaska, na nyumbani tulisema Kingazija kilichotiwa ndani yake Kisakalava cha wenyeji. Kiswahili tulikisikia kwa wazee tu, katika maneno ya dini, biashara na bahari. Hiki ninachokiandika nilikuja kukipata ukubwani, Unguja. Hakuna mwanamke wa mtaani kwetu aliyewahi kuvuka kizingiti cha kanisa. Hata hivyo, barazani kwa Koko shule za masera zilipangwa na kupanguliwa kila alasiri, utadhani ni wale wanawake ndio waliozijenga.

Ya Nosy Be iliwekwa chini, kwa kuwa ilikuwa ndogo na iliishia madarasa ya mwanzo. "Hiyo ni ya kufuta watoto kamasi," alisema Bi Echati, jirani yetu, ambaye mjukuu wake alikuwa amekwisha kukubaliwa kwa masera wa mji wa Diego. Ya Diego ilikuwa na piano mbili, na Bi Echati hakukubali siku ipite bila piano zile kutajwa. Lakini ya Mahajanga, bandari ya bara, ilikuwa juu ya zote, na hilo hata yeye alilijua, ndiyo maana alizipigapiga zile piano kwa nguvu namna ile. Wasichana wa Mahajanga walivaa kofia za ukindu zenye utepe. Masera wao, ilisemekana, waliwaita wanafunzi kwa heshima kama watu wazima, na walimjua msichana mvivu kwa kutazama marinda yake. Binti aliyetoka pale akija kuposwa, upande wa bwana harusi uliongeza dhahabu bila kuombwa. "Piano mbili," Koko alimwambia Bi Echati siku moja, akitafuna tambuu pole pole, "na bado mjukuu wako akiingia hasalimii." Baraza lilicheka, naye Bi Echati akacheka pia, ila macho yake hayakucheka. Nilikuwa nimekaa mlangoni, na nilielewa kwamba baada ya maneno yale Koko hakuwa na njia nyingine. Mjukuu wake mmoja lazima aende Mahajanga, na mjukuu aliyebaki alikuwa mimi.

Nasema aliyebaki, kwa sababu sketi ile haikushonwa kwa ajili yangu. Ilikuwa ya Mariamu, sare ya Mahajanga. Mama yetu alifariki ningali nanyonya, na Baba alikuwa na mke mwingine ng'ambo, huko bara, akitujia mara mojamoja na chupa za mafuta ya nazi na maneno ya kuomba radhi. Kwa hiyo Mariamu ndiye aliyenibeba mgongoni, na Koko ndiye aliyesema la mwisho, maana kwa Wangazija nyumba ni ya mwanamke na mwenye nyumba ndiye mwenye neno. Mariamu alisoma kwa masera wa Nosy Be, akawa hodari kuliko wote, na masera walikwisha kumwombea nafasi kwa wenzao wa Mahajanga. Jioni moja alikuwa uani akikariri somo lake kwa sauti kubwa, kama walivyofundishwa. Mon père est grand. Mon père est bon. J'aime mon père. Baba yangu ni mrefu, baba yangu ni mwema, nampenda baba yangu. Koko alikuwa akipepeta mchele. Kifaransa hakukijua, ila neno moja alilijua, na sasa alilisikia kinywani mwa mjukuu wake aliyekwisha kuhitimu Kurani: Mompera, Mompera, Mompera, na la mwisho likatamkwa kwa sauti ya mapenzi.

Ungo ulimwanguka. Mimi nilikuwa mdogo sana, lakini mchele ule kumwagika uani nauona mpaka leo, na kuku wakija mbio. Mariamu alijaribu kueleza kwamba neno lile lina maana ya baba yangu, baba mzazi. "Baba yako anaitwa Saidi," Koko akamjibu. "Mompera hapa ni mmoja tu, na ana ndevu nyekundu." Mariamu alilia, akaapa, akatafuta kitabu kumwonyesha bibi ambaye hakujua kukisoma. Maji yakimwagika hayazoleki, na mchele ule nao haukuzoleka wote. Hakurudi shule tena. Aliozwa mtu wa Nosy Komba, ndoa ikavunjika mapema, akarudi kwa Koko na talaka yake, sindano za kutarizi alizojifunza kule kisiwani, na vitabu vyake ambavyo hakuwa amekubali kuviacha. Sketi akaitundika msumarini. Mimi nikapelekwa shule ya serikali, ambako mwalimu mmoja alitusomesha watoto wengi kuliko madawati.

Basi wivu wa barazani ukafanya kazi ambayo machozi ya Mariamu hayakuiweza. Koko alitamka kwamba nitakwenda Mahajanga kujaribu bahati, nikakae kwa Mama Nuru, mdogo wake mama yetu, katika mtaa wa Tsaramandroso, na kwamba Mariamu anifundishe Kifaransa cha kunivusha. Lakini aliweka sharti, akilisema huku amelishika pindo la sketi: "Nikilisikia lile neno ndani ya nyumba yangu, hii naichana matambara ya kupigia deki." Hakuwa mtu wa mzaha katika mambo ya kuchana.

Hivyo nilijifunza Kifaransa kisicho na baba. Mariamu alikichuja jikoni, kati ya moshi na nazi, akakitoa lile neno kama mtu anavyotoa mwiba kwenye samaki. Nilikuwa na mama, bibi, mjomba, shangazi, kaka, na kila nilipomfikia baba ilinibidi niseme papa, neno ambalo Wafaransa nao wanalitumia. Koko alilisikia akatuachia. "Papa wa baharini simwogopi," alisema. "Anauma mwili tu." Tulicheka, lakini kicheko chetu kilikuwa cha watu wanaotembea juu ya mayai. Vitabu vya Mariamu vilijaa neno lile, na ulimi hauna mfupa. Alasiri moja nilikuwa nasoma kwa haraka, nikateleza, nikasema mon p..., na Mariamu akauangusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu kwa makusudi. Kule chumbani kandambili za Koko zilisimama. Tulikaa tukitazamana, mimi na dada yangu, mkono wake umeniziba mdomo, unanuka kitunguu. Kisha kandambili zikaendelea. Mariamu aliuondoa mkono, akaurudisha ukurasa nyuma na kunisomesha upya tangu mwanzo. Ndipo nilipojua kwamba anayekwenda Mahajanga si mimi peke yangu.

Meli ndogo ya mwambao ilinishusha Mahajanga katika joto ambalo Nosy Be hatulijui, joto kavu lenye vumbi jekundu. Mama Nuru alinipokea kwa posiposi, kile kigari cha kukokotwa na mtu, akanikagua kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu. Alikuwa mwanamke wa mjini, muuza vitambaa, mwenye Kifaransa cha sokoni kilichotosha kununua na kukataa. Sketi ya Mariamu ilinipwaya, akaikunja kiunoni na kuitia pini. Siku ya kuhojiwa tulikaa kwenye benchi refu katika ukumbi ulionuka nta ya sakafuni, pamoja na wasichana waliokuja na mama zao wenye mikoba. Nilisoma moyoni dua zote nilizozijua. Halafu nikaona aibu kuzisoma chini ya msalaba ule mkubwa ukutani, kisha nikaona aibu ya kuona aibu.

Masera mkuu alikuwa mrefu, mwenye miwani, na sauti isiyopanda wala kushuka. Aliniuliza jina, nikajibu. Aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikasema papa ni seremala, na papa wangu akapita salama. Alinipa kitabu nisome, nikasoma kama Mariamu alivyonifundisha, nikivuta pumzi kwenye kila kituo. Masera alivua miwani. Akauliza ni nani aliyenifundisha Kifaransa safi namna ile. Nilijibu kweli tupu: "C'est ma sœur." Ni dada yangu.

Tulikuwa tumeulinda mlango mmoja usiku na mchana, tukausahau wa pili. Kwa Kifaransa, dada yangu na masera ni neno lilelile. Uso wa yule mama ulifunguka. "Laquelle?" akauliza. Yupi? Nikasema Mariamu. "Sœur Marie-Anne!" alisema kwa furaha, akamgeukia mwenzake, na nikasikia kwamba masera wa Nosy Be ni wa shirika lao moja, na kwamba mtoto aliyelelewa na mkono wa wenzao hana haja ya kuchunguzwa zaidi. Nilifungua mdomo niseme hapana, dada wa tumbo moja. Mama Nuru, aliyekwisha kuelewa yote, alinifinya paja kwa kucha chini ya meza mpaka machozi yakanitoka. Masera aliyaona machozi akadhani ni ya shukrani.

"Wewe umejibu ukweli," Mama Nuru aliniambia kwenye posiposi. "Wao wamesikia walichokitaka. Kosa liko wapi?"

"Wakijua je?"

"Nani atawaambia? Masera Marie-Anne?" Akacheka mpaka mkokotaji akageuka kututazama. Mimi sikucheka.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa miezi mibaya kuliko yote ya utoto wangu. Nilikuwa nimeingia katika shule iliyo juu ya zote, nimevaa kofia yenye utepe, na kila siku nilingoja kutolewa. Humo ndani nako kulikuwa na baraza. Wasichana walipimana kwa mahali walikotoka: waliotoka kwa masera wa Diego waliwadharau waliotoka shule za serikali, na mimi, kwa jina la mtu asiyekuwapo duniani, niliwekwa mbele pamoja na wateule. Nikiandika vizuri, niliambiwa Masera Marie-Anne angefurahi. Nikikosea, niliulizwa Masera Marie-Anne angesemaje. Nilianza kumwona, mweupe, mnene kidogo, mpole, na nilimchukia kwa sababu alikuwa amekaa mahali pa Mariamu. Njia ya mwongo ni fupi, wazee wamesema, na mimi sikuwa hata nimedanganya. Kisha tukatangaziwa kwamba Mama Mkuu wa masera wa Nosy Be atakuja kututembelea wakati wa Pasaka. Tangu siku hiyo nilirudisha sahani zikiwa zimejaa. Mama Nuru alinipikia wali wa nazi, akanilisha kwa mkono wake, mara kwa ukali, mara kwa huruma, wapi.

Alikuja. Alikuwa kizee mfupi, mweusi kwa jua, mwenye viatu vilivyochakaa, si kama masera wa Mahajanga. Nikaitwa ofisini. Masera mkuu aliniweka mbele yake kwa fahari akasema: huyu ndiye mwanafunzi wa Sœur Marie-Anne wenu. Kizee alinitazama, akamtazama mwenzake. "Sina Marie-Anne," akasema.

Nilisikia kamba ya kengele ikigonga nguzo uani kwa upepo. Hapakuwa na Mama Nuru wa kunifinya. "Mariamu," nikasema. "Ma sœur. Dada yangu, tumbo moja." Masera mkuu aliweka miwani mezani. Lakini yule kizee aliuliza taratibu: "Mariamu wa Andoany? Aliyekuwa akikaa dirishani?" Nikaitikia. "Tulimngoja," alisema. "Tuliambiwa ameolewa. Kwa nini walimtoa?" Basi nikalitamka lile neno lililokatazwa nyumbani kwetu, kwa mara ya kwanza kwa sauti kamili, nikawaeleza habari ya mon père, na Mompera mwenye ndevu nyekundu, na mchele. Masera mkuu alishikwa na kicheko, akajizuia, kikamshinda, akajifuta macho. Kizee hakucheka. Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyetembea mbali. Hatimaye masera mkuu akaniambia nirudi darasani, na kwamba Kifaransa changu ni changu, yeyote aliyenifundisha. Nilitoka nikakaa chini kwenye korido.

Yaliyofuata nilihadithiwa na Mariamu nilipokwenda likizo. Kizee aliporudi Nosy Be alikwenda moja kwa moja kwa Koko, akakaa mkekani, akanywa chai. Kimalagasi alikisema vizuri. Koko alimuuliza swali moja tu: "Wewe baba yako mzazi unamwitaje?" Akajibu: mon père. "Na yule mwenye ndevu?" Akajibu: mon père. Koko alimmiminia chai ya pili. Kisha akasema, si kwa masera, bali kwa ungo uliotundikwa ukutani: "Kumbe nilimtoa mtoto kwa ajili ya baba yake." Hakuomba radhi, hakuwa na ulimi wa kuombea radhi. Ila tangu siku ile hakumwita Mariamu jina lake tena. Alimwita Masera. Masera, niletee maji. Masera, njoo unikande mguu. Jirani walidhani ni utani. Mariamu alijua si utani, na alikuwa akiitika.

Kizee alimtaka aende kuwasaidia watoto wadogo darasani. Mariamu alimuuliza kama anaweza kufanya mtihani wa Mahajanga badala yake. Akaambiwa umri umempita. "Basi siendi," alisema, na aliponihadithia uso wake ulikuwa mkavu. "Nilifukuzwa mlango wa mbele, sitaingizwa wa jikoni." Hasira yake ilikuwa ya haki, na iliniuma kwa sababu niliisikia nikiwa nimevaa sketi yake. Badala yake alianza kuwafundisha mabinti wa mtaani palepale jikoni kwetu, na wa kwanza kuletwa alikuwa mjukuu mdogo wa Bi Echati.

Koko amelala makaburini kwa wazee wake. Mama Nuru aliondoka Mahajanga katika ile miaka michungu ya mauaji, Wangazija walipoondoka kwa maelfu, nami nikaondoka naye, ndipo safari ikanifikisha Unguja, nikawa mwalimu. Mariamu hakuondoka. Yuko Andoany mpaka leo, katika nyumba ya Koko ambayo sasa ni yake, anatarizi vitambaa vya meza vinavyouzwa kwa watalii wa pwani ya Ambatoloaka, na wakimwendea wenyewe hushangaa Kifaransa chake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini aliyeunda mara nyingi hubaki ufukweni. Shule za binafsi siku hizi zimejaa kila mji wa pwani ile, za masera na zisizo za masera, na wazazi huzipanga kwa simu kama Bi Echati alivyozipanga kwa tambuu, piano zikiwa zimegeuka kompyuta. Watoto hawavishwi tena hofu tuliyovishwa sisi, au labda wanavishwa nyingine ambayo siijui.

Juzi mjukuu wa Mama Nuru, mmoja wa waliorudi baadaye, alinipigia kutoka Mahajanga. Binti yake amemaliza shule ya msingi, na yeye na mumewe hawalali, wanabishana shule ipi ina jina zaidi. "Koko," aliniambia, maana sasa koko ni mimi, "wewe wanakusifu kwa Kifaransa chako mpaka leo. Ulisoma wapi hasa?"

"Nilisomeshwa na ma sœur," nikamwambia.

"Masera yupi?"

Nilikuwa nimekaa peke yangu, simu sikioni, na mkono wangu, sijui kwa nini, ulikuwa umelifunika paja lile alilolifinya Mama Nuru.

"Mariamu," nikasema.